Mhandisi na Ulimwengu Wake: Hoja ya Somo Dogo la Tamaduni na Siasa Iyunga

Imezoeleka kudhani kwamba chuo cha sayansi na teknolojia hakina haja ya kufundisha tamaduni na siasa za dunia. Wanaoshikilia rai hiyo hudai kwamba muda wa mwanafunzi wa uhandisi ni mfinyu, na kwamba mambo hayo ni ya vitivo vya sanaa. Rai hiyo haina mashiko. Mahali panapodhihirisha kasoro yake ni Iyunga, jijini Mbeya, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi.

Mfano ulio karibu ni reli ya TAZARA inayopita Mbeya. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, ilhali Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ina milimita 1,000. Kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Mwanafunzi wa uhandisi huweza kupima tofauti hiyo kwa usahihi, lakini kipimo hakimwelezi chanzo chake. Chanzo kimo katika siasa. Walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru mwaka 1965. Zambia ikahitaji njia ya kufika baharini isiyopita kusini. Nchi za Magharibi zikakataa kuigharamia. China ikakubali mwaka 1967. Upana nao ukafuata reli za Zambia, zilizokuwa zimefuata kipimo cha Afrika Kusini. Hivyo basi, milimita 67 zimebeba historia ya tawala mbili za kikoloni.

Huenda ikajibiwa kwamba Taaluma za Maendeleo zinatosha. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi ya taaluma hizo mwaka 1973, na wanafunzi wa fani zote wamezisoma. Hata hivyo, somo la lazima linalofundishwa kwa umati huelekea kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Somo dogo la hiari, lenye kozi zinazofuatana, humpa mwanafunzi nafasi ya kuhoji.

Aidha, somo hilo lianzie nyumbani. Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela wametenganishwa na ndugu zao Wangonde wa Karonga, Malawi, kwa mpaka wa mto Songwe. Tangu Monica Wilson achapishe *Good Company* mwaka 1951, wanaanthropolojia wa nchi za mbali wamewasoma Wanyakyusa. Ni jambo la kusikitisha iwapo mhandisi atakayewajengea daraja hajawahi kuwasoma. Na kwa kuwa atazungumza nao kwa Kiswahili, ni vyema mijadala ya somo hilo nayo iendeshwe kwa Kiswahili.

Saa chache kwa wiki si gharama kubwa. Mhandisi ajuaye kupima reli bila kujua kwa nini ilipita hapo ataendelea kujenga kwa vipimo vilivyoamuliwa na wengine.