Klachi Si ya Washamba

Wasee, tuseme ukweli. Kupanda gia bila klachi inawezekana: sukuma leva kidogo na mguu, achilia mafuta ghafla, gia inaingia. Si uchawi, mzigo ukitoka, meno yanaachana. Kushuka ndiyo noma. Spidi ya injini isipolingana na ya gurudumu, meno yanagongana na tairi ya nyuma inaweza kuteleza.

Nilipoacha chuo nilikuwa naendesha nduthi ya mtu. Nikajifanya mjuaji mbele ya kamera, kila siku. Gia ya pili ikaanza kuruka, injini ikafunguliwa, pesa yangu yote ikaishia kwa fundi.

Kebo ya klachi ikikatika njiani, mbinu hii itakufikisha nyumbani. Ijue. Lakini likes hazinunui gia, manze.