Orodha ya Nyumba na Ibandikwe Ukutani

Matokeo ya mtihani yanapotoka, mwalimu mkuu huyabandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi yake. Mwanafunzi aliyefaulu huliona jina lake, na aliyeanguka huliona la kwake vilevile. Wapo watakaoshangilia na wapo watakaolia, lakini hakuna atakayesema kwamba nafasi ya kwanza ilitolewa gizani. Huukumbuka ubao huo kila ninapowasikia wakazi wa Longonot, Maai Mahiu na Naivasha wakizungumza juu ya nyumba za umma. Swali lao huwa ni lile lile: nani hupewa, na kwa kipimo gani?

Swali hili si geni. Mabaraza yetu ya mitaa, yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, yalikuwa na nyumba za kupangisha tangu enzi za ukoloni. Mjini Nakuru mitaa ya Kaloleni, Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Shauri Yako inajulikana na kila mtu. Kodi ya nyumba za namna hiyo ilikuwa ya chini kuliko ile ya wenye ploti, na pengo hilo baina ya kodi mbili ndilo lililokuwa msaada wa baraza kwa mpangaji. Msaada huo haukutajwa katika hotuba yoyote wala kuandikwa kwenye hundi, lakini ulikuwa msaada wa fedha za umma kila mwezi.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana niliomba nyumba katika baraza moja la mji ambalo sitalitaja. Nilijaza fomu, nikapewa stakabadhi, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri miaka minne. Nilipouliza nilikuwa wa ngapi katika foleni, karani alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe. Sikudai kwamba nilistahili kuliko wengine. Huenda walikuwapo mia moja waliostahili kunipita. Lililoniumiza ni kwamba sikuweza kujua. Mtu asiyeijua nafasi yake katika foleni hana foleni. Ana matumaini tu, na matumaini ya maskini ni biashara nzuri kwa mwenye ufunguo.

Mabaraza hayo yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na mali yake ikarithiwa na serikali za kaunti. Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha kutuahidi, katika Kifungu cha 43, haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo likaitaja nyumba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo mlango tunaopaswa kuubisha unajulikana. Lakini kuubadilisha mlango si kuibadilisha tabia ya aliye ndani. Kaunti zilirithi nyumba, zikarithi wapangaji, na kwa bahati mbaya zingeweza pia kurithi daftari lililofungwa.

Na tusidhani kwamba msaada wa nyumba ni wa watu wa mjini pekee. Eneo la Longonot limepata funzo lake kwa uchungu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilizofurushwa makwao zilikuja kutua Maai Mahiu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Katika mpango wa 2008 ulioitwa Operesheni Rudi Nyumbani, serikali ilitenga shilingi 10,000 kwa kila familia ya kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa familia ambayo nyumba yake ilikuwa imeharibiwa. Kilichoamua nani apate ni orodha, nayo iliandikwa na watawala wa mikoa na machifu wao. Waliokuwa wamehifadhiwa na jamaa, bila kukaa kambini, walilalamika kwamba hawakuandikwa. Na wapo walioshukiwa kuandikwa bila kupoteza hata dirisha. Baadhi ya waliotua Maai Mahiu waliunganisha fedha zao kwa vikundi, wakanunua ardhi na kuanza kujijengea. Waliaminiana kwa kuwa kila mwanachama alilijua daftari la kikundi chake.

Kisha ikaja alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Maji yaliyokuwa yamezuiwa chini ya tuta la reli ya zamani yalibomoa njia, yakashuka juu ya vijiji vya Maai Mahiu na kuua watu zaidi ya 50. Nyumba zilisombwa na msingi wake. Orodha zikaanza kuandikwa upya: nani alikuwa mwenye nyumba, nani mpangaji, nani mgeni wa usiku mmoja. Mtu anayeomboleza hapaswi tena kubeba wasiwasi wa kama jina lake limo katika karatasi ambayo hajaruhusiwa kuiona.

Walimu wenzangu watauliza jambo hili linawahusu vipi, wao wakiwa na marupurupu yao ya nyumba. Ninakubali kwamba marupurupu hayo ni madogo. Lakini tazameni yanavyotolewa. Katika mkataba wa mishahara ulioanza Julai 2017, nchi iligawanywa katika makundi manne: jiji la Nairobi peke yake, kisha miji kama Nakuru, Mombasa na Kisumu, kisha manispaa nyingine za zamani, na mwisho maeneo yaliyosalia. Kila mwalimu aliweza kulisoma jedwali na kujua atapata kiasi gani, na jirani yake wa daraja lile lile anapata kiasi gani. Tunaweza kubishana na jedwali hilo, na tumebishana nalo. Hatukuhitaji kumjua mtu ili tulione. Hiyo ndiyo tofauti baina ya haki na hisani.

Zaidi ya hayo, siku hizi sisi ni wachangiaji. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu wa shilingi 40,000 hutoa shilingi 600 kila mwezi, yaani shilingi 7,200 kwa mwaka. Mfanyakazi wa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, anayelala katika chumba cha kupanga huko Karagita, hukatwa vilevile. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye haba zake ana haki ya kukiona kibaba, na kumwona anayekitumia. Sheria hiyo imeunda kamati ya nyumba katika kila kaunti, na imetenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Haya ni mambo mema. Yatakuwa mema zaidi mtu wa Longonot akiweza kuyathibitisha kwa macho yake.

Najua yatakayojibiwa. Kwanza, tutaambiwa kwamba nyumba ni chache na waombaji ni wengi. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuiweka foleni wazi. Kitu kikiwa tele hakuna anayehitaji foleni. Kikiwa adimu, foleni ya siri huzaa rushwa kama maji yaliyotuama yanavyozaa mbu.

Pili, tutaambiwa kwamba kubandika majina ya maskini ukutani ni kuwavunjia heshima, na kwamba ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Mjane hapaswi kusomwa umaskini wake na wapita njia. Lakini si lazima jina liandikwe. Mpe kila mwombaji nambari, kama tunavyowapa watahiniwa nambari zao. Bandika nambari, tarehe ya maombi, kundi la mwombaji na nafasi yake. Nyumba inapotolewa, bandika nambari ya nyumba, kodi yake, na nambari ya aliyepewa. Mwombaji atajitambua, na jirani hatamtambua. Heshima itahifadhiwa, na daftari litakuwa wazi.

Tatu, tutaambiwa kwamba habari zote zipo kwenye kompyuta. Ziwepo, ni vizuri. Lakini ukuta wa ofisi ya chifu hauhitaji umeme wala simu ya bei ghali. Katiba, katika Kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 hazikusema kwamba habari ni za wenye kompyuta pekee.

Kwa hiyo ninaiomba kaunti ya Nakuru ianze na mambo matatu. Orodha ya nyumba zake zote na kodi zake ichapishwe, kila mwaka. Foleni ya waombaji ibandikwe katika kila wadi, kila baada ya miezi mitatu. Na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, pamoja na mahali pa kukata rufani. Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji kujenga tofali moja.

Kwenu wanafunzi, nina kazi moja. Mtakapokuwa mnasoma somo la uraia, msiishie kukariri vifungu vya Katiba. Nendeni kwa adabu katika ofisi ya wadi yenu, muulize orodha iko wapi, na mwandike jibu mlilopewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ofisi inayoficha foleni itaumbuliwa siku moja na watoto wenye daftari na kalamu.