Kiswahili Nacho Kina Haki ya Kupiga Kelele

Orodha ya nyimbo za Usiku wa Kiswahili tunaijua sote bila kuisoma. Itaanza na "Malaika", itapita kwenye "Jambo Bwana" ili wageni wapate pa kuitikia, kisha taarab kidogo kwa heshima ya walimu, na mwisho bongo fleva mpaka ukumbi ufungwe. Mwaka huu baadhi yetu tulipendekeza wimbo mmoja tu uongezwe: "Simba Anguruma" wa Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Kamati iliusikiliza kwa muda usiotimia dakika moja, ikaufuta. Tuliambiwa kwamba hizo ni kelele za Kizungu, si utamaduni wa Waswahili. Kamati tunaiheshimu, na viti tulivipanga pamoja nayo jioni ile ile, lakini hoja hiyo hatuikubali. Tumeona ni bora kuijibu humu jaridani kuliko kuinung'unikia kwenye korido.

Tuanze na Sunburst wenyewe, maana wengi hata jina hawajalisikia. Walikuwamo mwimbaji James Mpungo na mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, na walichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, wakiimba Kiswahili na Kiingereza. Gitaa lao halikusafishwa. Linakwaruza, linapasuka pale amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake, na nyuma yake ngoma hazisubiri mtu. Albamu yao, Ave Africa, ilirekodiwa Zambia na kutoka mwaka 1976. Baada ya hapo ikapotea masikioni mwa watu kwa miaka karibu 40, mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoitoa tena mwaka 2016 pamoja na nyimbo zao nyingine za kuanzia 1973. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuipata.

Sasa tazameni jambo moja dogo ambalo kwetu ni ushahidi mkubwa. Mdundo wao waliuita Kitoto. Aliyesoma historia ya muziki wa dansi Tanzania ataelewa mara moja. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na baadaye Mlimani Park wakaja na Sikinde. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na mtindo ulikuwa na jina, mashabiki wakalibeba jina hilo kama watu wa timu ya mpira. Vijana wa Sunburst walishika gitaa la roki, lakini walipofika kwenye suala la kujitambulisha walifuata desturi ya Dar es Salaam. Nani basi atatuambia kwamba hao walikuwa Wazungu wa kuazima?

Hoja ya "si utamaduni wetu" ina umri mrefu kuliko kamati yetu. Novemba 1969, mwaka mmoja tu baada ya kampeni ya kupambana na nguo fupi na mawigi kutangazwa, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ulionekana ni uchafu wa kigeni unaoharibu vijana. Miaka michache baadaye Sunburst walikuwa jukwaani katika mji huo huo, na soul imo ndani ya muziki wao wazi kabisa, haikufichwa. Marufuku haikuua kitu. Na tukienda nyuma zaidi, taarab yenyewe, ambayo leo ndiyo mzani wa kupimia Uswahili wa kila kitu, ilifika Zanzibar na kanuni na fidla za Misri, kwa mapenzi ya Sultani Barghash. Ikhwani Safaa ikaanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad akaifanya ya watu kwa kuiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Yeye alikwenda Bombay, Sunburst wakaenda Zambia. Hatuoni tofauti ila kwamba mmoja amepewa muda wa kuzoeleka na mwingine hakupewa.

Kuna wanaosema, na mmoja wao ni mwalimu tunayempenda, kwamba tatizo si historia bali lugha: Kiswahili ni lugha laini, silabi zake zote zinaishia na irabu, nayo roki inataka konsonanti za kugonga. Hapa tunaomba ruhusa ya kubisha kwa adabu. Mtu anayepiga ukelele hapigi kwa konsonanti. Anapiga kwa irabu, kwa sababu irabu ndiyo inayoachia pumzi itoke. Semeni "sitaki" kwa sauti ya juu kabisa, kisha semeni neno la Kiingereza lenye maana hiyo. La Kiingereza linafungiwa mlango mdomoni kabla halijafika mbali, letu linakwenda hadi ng'ambo ya barabara. Tena mkazo wetu unajulikana ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mpiga ngoma anajua daima pa kupigia. (Waliojaribu zoezi hili bwenini wamekwisha kuonywa na majirani.) Na kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, lile jina "Simba Anguruma" lina wakati wa -a- ambao vitabu vyetu vingi vinaupitia haraka kama mtu aliyechelewa basi. Ukilisikia likiimbwa hutalisahau.

Tukitoka Tanzania tukaingia Nairobi ya leo, mambo yanakuwa magumu kidogo. Roki ya Nairobi ipo, na ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Murfy's Flaw, ParkingLotGrass na Dove Slimme wamejaza kumbi kwa miaka. Crystal Axis ni bendi ya panki yenye hasira iliyokomaa. Wana wimbo "Leopold", juu ya mfalme wa Ubelgiji na aliyoyatenda Kongo, na mwingine "Nyayo House", jengo ambalo chini yake watu waliteswa enzi za Moi. Mwanafunzi yeyote wa historia ya Afrika angefaidika nazo. Lakini nyimbo nyingi za bendi hizi ni za Kiingereza, na hapa sisi wenyewe tunatofautiana. Wengine kati yetu wanasema tusiwalaumu. Ni vijana wa mjini waliosoma kwa Kiingereza, wanaimba lugha waliyopewa. Walio wengi, na mwandishi wa aya hii akiwamo, wanaona kwamba hapo roki ya Nairobi inajipunja. Sababu inayotolewa ni kwamba Kiingereza ndicho kinachofika duniani. Basi Duma wamefikaje? Wawili hao wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa kote Ulaya, na ndani yake mayowe ni mazito kiasi kwamba hakuna anayeshika neno la lugha yoyote. Hata jina lao ni somo: kwao ni neno la Kikuyu lenye maana ya giza, nasi Waswahili tukilisikia tunamwona mnyama akikimbia.

Kwa nini tunaling'ang'ania jambo hili hapa Toronto, na si Dar au Nairobi? Kwa sababu nusu ya wanachama wetu wamezaliwa au kulelewa Scarborough, Etobicoke na North York. Kiswahili wanacho, lakini ni Kiswahili cha kutumwa dukani na kuamkia wageni, na cha kukemewa pia. Shikamoo wanaijua vizuri mno. Wakitaka kukasirika, kudhihaki au kulalamikia dunia, wanahamia Kiingereza papo hapo, kwa sababu hasira zao zimepata muziki wake kwa Kiingereza. Wamekwenda Horseshoe na Lee's Palace, wamewasikiliza METZ, watatu wa mji huu huu ambao gitaa lao ni kama msumeno. Hawajawahi kuonyeshwa kwamba lugha ya nyanya yao nayo inaweza kusimama mbele ya amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho. Lugha ambayo kijana haruhusiwi kukasirika ndani yake, ataiweka kabatini pamoja na kanzu ya harusi.

Na gitaa la umeme la Kiswahili si geni katika mji huu. Adam Solomon, mzaliwa wa Mombasa, amelipiga hapa kwa miaka mingi na bendi yake ya Tikisa, na alikuwa mmoja wa wanamuziki wa African Guitar Summit iliyoshinda tuzo ya Juno mwaka 2005. Muziki wake uko karibu na bluzi kuliko roki, ni wa upole kuliko tunaouzungumzia, lakini bluzi na roki ni nduguze, na amekuwa jirani yetu wakati wote huu huku sisi tukicheza "Jambo Bwana" kutoka kwenye kompyuta.

Hatuombi "Malaika" uondolewe, na taarab ibaki kama ilivyo. Tunaomba saa moja muhula ujao, chumba cha mikutano, na spika mbili za klabu zile zinazokaa bure chini ya ngazi. Tutaanza na "Simba Anguruma", tutafuata na "Enzi za Utumwani" wa hao hao, maana mada yake inahitaji walimu wa historia wawepo, kisha kila mwanachama alete wimbo mmoja wa gitaa ambao haujawahi kupigwa klabuni, mradi aeleze kwa Kiswahili kwa nini ameuchagua. Kamati inakaribishwa, na safari hii tunaiomba isikilize hadi mwisho wa wimbo. Mwalimu wetu wa konsonanti tumemwekea kiti cha mbele, karibu na spika ya kushoto.