Maoni: Wahami wa Kirumba wafundishwe kazi gani, na nani amehesabu?

Tangu Kirumba iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, muda mfupi baada ya Kanyabayonga, familia nyingi za kusini mwa Lubero zinaishi kwa jamaa zao au katika nyumba za kupanga huko Butembo na Beni. Miezi ya kwanza watu walizungumzia unga, mablanketi na mahali pa kulala. Siku hizi mazungumzo yamebadilika. Wazazi wanauliza kijana aliyeacha masomo njiani afanye nini, na mashirika ya misaada yanajibu kwa neno moja: mafunzo.

Kazi zinazofundishwa hujulikana hata kabla ya tangazo kusomwa redioni. Wasichana watashona au watasuka nywele, akina mama watapika sabuni, na wavulana, wakibahatika, watapewa useremala. Ni miezi mitatu, wakati mwingine sita. Mwishoni kuna sherehe, kuna hati, kuna cherehani, kuna picha, kisha gari la shirika linageuka. Hakuna aibu yoyote katika kushona, na wapo waliolea watoto kwa kazi hiyo. Shida ni pale wasichana thelathini wa mtaa mmoja wanapotoka siku moja na ujuzi uleule, wakimtafuta mteja yuleyule, ambaye naye ni mhami, na ambaye akipata franka kidogo atanunua gauni la mitumba sokoni kwa sababu ni nafuu kuliko kitambaa na kazi ya fundi. Cherehani ikishakaa miezi bila kazi, huuzwa siku mtoto anapougua. Halafu mradi mwingine unakuja, na unafundisha nini? Kushona.

Swali lisiloulizwa ni hili: baada ya miaka mitatu, nani atalipia kazi hiyo?

Ulaya swali hilo lina ofisi yake. Inaitwa Cedefop, iliundwa mwaka 1975, na tangu 1995 makao yake yako Thessaloniki, nchini Ugiriki. Wataalamu wake hukadiria kazi gani zitaongezeka na zipi zitapungua katika nchi za Umoja wa Ulaya, ili shule na vyuo vijue mapema. Ripoti yao ya 2023 ilitazama mbele hadi 2035. Hawapigi ramli. Wanahesabu watoto waliozaliwa, wazee wanaokaribia kustaafu, sheria mpya zitakazobadilisha viwanda, na mashine zinazochukua kazi za mikono. Nao hukosea, makadirio yaliyofanywa kabla ya 2020 hayakuwa na korona ndani yake. Lakini jambo moja hurudi katika hesabu zao kila mara, na ndilo linalofaa kusikilizwa Kirumba: nafasi nyingi za kazi hazitokani na kazi mpya. Zinatokana na watu wanaozeeka, wanaostaafu au wanaohama, na ambao lazima mtu mwingine ashike nafasi zao.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye kompyuta. Si uongo. Kongo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Iko ONEM, ofisi ya taifa ya kazi iliyoundwa 2002, na iko INPP, inayofundisha ufundi tangu 1964. Lakini nchi isiyojua ina watu wangapi itajuaje inahitaji mafundi wangapi wa umeme upande wa Lubero?

Hata hivyo, hesabu ya wazee haihitaji kompyuta. Mkaaji yeyote wa Kirumba anaweza kuifanya kwa vidole. Fundi anayefumua injini za malori yanayopita barabara ya taifa namba 2 ana umri gani? Na yule anayetengeneza mashine za kusaga unga zinapokwama? Ni wauguzi wangapi wa vituo vya afya wenye mvi, na walimu wangapi wanaoendelea kufundisha wakati wenzao wa umri huo wamekwisha kupumzika? Kila mmoja wao ni kazi itakayobaki wazi, na kazi ya namna hiyo haihitaji kutafutiwa mteja. Mteja yupo tayari, amemzoea fundi wake, na siku akimkosa atahangaika.

Hesabu nyingine iko shuleni. Masomo ya msingi yalifanywa kuwa bila malipo mwezi wa tisa 2019, na watoto wengi wakaingia darasani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule, asipokatiza, alimaliza la sita 2025 na atafikia mtihani wa diploma ya serikali mwaka 2031. Vita imewatawanya watoto hao, lakini haikuwafuta. Popote walipo watahitaji madawati, walimu wa hesabu na wa fizikia, na madarasa yaliyojengwa na waashi wanaojua kazi. Hilo lilionekana tangu siku ile ya 2019, kwa mtu yeyote aliyetaka kulitazama.

Eneo hili limeshaonja uchungu wa kufuata kazi ya leo bila kuuliza ya kesho. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na Beni, Butembo na Mangina zikawa kitovu chake. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika miaka ile miwili ya msiba, kikosi cha kupambana na ugonjwa kiliajiri madereva, walinzi, wapuliza dawa na wafuatiliaji wa wagonjwa. Malipo yao yalizidi ya mwalimu, na wapo walioacha chaki au kitabu wakafuata magari yale. Tarehe 25 mwezi wa sita 2020 ugonjwa ukatangazwa kwisha, na kazi zikaisha pamoja nao. Kila mtu alijua kwamba siku hiyo itakuja, na wote waliiombea. Waliojipanga kwa ajili yake hawakuwa wengi.

Vanila ina hadithi kama hiyo, nayo haihitaji maneno mengi. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilipita dola 500 katika soko la dunia. Mmea huo huzaa baada ya miaka mitatu hivi. Aliyeupanda kwa kutazama bei ya 2018 alivuna wakati bei imeporomoka. Fundi naye hupandwa hivyohivyo: anaanza kusoma wakati kazi inang'aa, anamaliza ikiwa imefifia.

Basi kitu gani kinaonekana kwa macho sasa hivi? Barabara. Tarehe 16 mwezi wa sita 2021 Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua huko Mpondwe, mpakani na Kasindi, mradi wa kilomita 223, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Barabara ya lami haiji usiku kama mwizi. Inatangazwa miaka kabla. Inataka waendesha mitambo na wapima ardhi, na baadaye inataka watu wa kuitunza, mifereji isizibe na mashimo yasikue. Umeme ni vivyo hivyo. Kituo cha Luviro, huko Lubero, kilijengwa kwa mradi wa Hifadhi ya Virunga na kina uwezo wa megawati zaidi ya 14. Mutwanga, iliyotangulia kupata umeme wa maji, ilipata pia kiwanda cha sabuni na baadaye cha chokoleti. Anayepika sabuni kwa sufuria uani lazima ajue kwamba anashindana na kiwanda hicho, na mwalimu wake wa miezi mitatu alipaswa kumwambia.

Tena kuna kahawa na kakao, na hapa Ulaya inaingia moja kwa moja katika shamba la Mnande. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kuuza huko kahawa au kakao iliyotoka mahali msitu ulipokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imekwisha kusogezwa mbele, lakini matakwa yake yanajulikana: kila shamba liwe na alama yake ya mahali kwenye ramani. Shamba lisilozidi hekta nne linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja. Kubwa zaidi lazima lizungukwe lote. Mashamba mengi ya wakulima wadogo wa Beni na Lubero ni ya nukta moja. Nani atatembea mlima kwa mlima na simu mkononi, aandike nukta hizo, aeleze mkulima zinahusu nini, na azitunze zisipotee? Hiyo ni kazi ya vijana elfu, na inafundishika kwa wiki chache kwa kijana aliyefika sekondari. Hata hivyo, katika matangazo yanayosomwa, bado ni cherehani.

Upo upinzani mmoja mzito, na ni haki kuujibu. Watu wanasema: mwaka kesho haujulikani hata nani atakuwa Kirumba, mashamba ya kakao ya Beni yenyewe yanafikiwa kwa hofu ya wauaji wa ADF, sasa unakadiria nini? Kweli, vita inavunja hesabu. Lakini mhami ana sababu kubwa kuliko mtu mwingine ya kuchagua kwa makini, kwa kuwa hana nafasi ya kupoteza miezi sita mara mbili. Kwake kazi nzuri ni ile inayolipa akiwa Butembo, na inayolipa zaidi siku akirudi nyumbani. Uashi uko hivyo, kwa sababu nyumba zilizobomoka zitajengwa. Uuguzi uko hivyo. Kutengeneza pikipiki kuko hivyo, kwani motari yuko kila kilima. Kuoka keki za harusi hakuko hivyo, hata kama mfadhili anaipenda picha yake.

Mashirika yanayoandika vijana kwa makundi mapya yangeanza na jambo dogo lisilo na gharama. Kabla ya orodha ya wanafunzi, kamati za wahami ziandike orodha ya mafundi: nani alikuwa akifanya nini Kirumba, ana miaka mingapi, yuko wapi sasa, na je, yuko tayari kumpokea kijana mmoja au wawili kando yake. Wengi wa mafundi hao wako papo hapo Butembo. Wamekaa, kwa sababu vyombo vyao vilibaki nyuma siku ya kukimbia. Fedha za cherehani kumi zingewanunulia masanduku ya spana.