Matengenezo ya Shule Yawe Wajibu wa Kisheria

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi darasani. Wananchi waliitikia. Walifyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga, wakajenga kwa mikono yao. Madarasa hayo, yale ambayo bado yamesimama, leo yana umri wa nusu karne.

Juhudi ya kujenga haijakoma. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilianza ujenzi wa madarasa 15,000. Kazi hiyo yastahili pongezi. Lakini darasa likishazinduliwa kwa ngoma na vigelegele, ni nani mwenye jukumu la kulitazama katika mwaka wa kumi na wa ishirini? Mchwa hawangoji bajeti. Bati moja lililolegea likiachwa, mvua hupenya, kenchi huoza, na paa zima huwa hatari juu ya vichwa vya watoto. Kazi ya misumari michache hugeuka kuwa kazi ya mamilioni.

Ni kweli kwamba shule kongwe za sekondari kama Pugu, Mzumbe na Ilboru zimekarabatiwa. Hata hivyo, huko ni kuokoa kilichokwisha kuharibika, wala si kutunza.

Kwa hiyo, hatuna budi kuiboresha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Itamke bila utata kwamba kila halmashauri ni lazima ikague majengo ya shule zake kila mwaka kabla ya mvua. Kila shule iwe na daftari la majengo, nayo kamati ya shule ilisome mbele ya wazazi. Mipango ya ujenzi nayo isipitishwe bila fungu la matengenezo ambalo haliwezi kuhamishiwa posho wala safari.

Tunafahamu kwamba halmashauri nyingine zina mapato madogo. Hizo zisaidiwe na Hazina, kwani sheria isiyo na fedha ni karatasi tupu. Vilevile, kuziba ufa mdogo au kung'oa kichuguu ukutani hakuhitaji kusubiri Dodoma.

Wazee wetu walijenga wakiwa na uwezo mdogo kuliko wetu. Itakuwa aibu kubwa sisi tukishindwa hata kutunza.