Kiwanja cha Wazi ni Amana: Tukilinde kwa Kukitumia

Kila Jumapili alasiri, mwenye kupita Manzese, Buguruni, Tandale au Mbagala hukuta jambo moja. Watoto wanacheza chandimu katikati ya njia, na kila pikipiki inapopiga honi hukimbilia barazani, kisha hurudi. Baba yuko kijiweni. Mama yuko uani, anafua nguo za wiki nzima, na ua wenyewe ni wa wapangaji wa nyumba nzima. Jua linapozama, siku ya mapumziko imekwisha bila ya yeyote kupumzika, na bila ya baba na mwanawe kukaa pamoja hata kwa saa moja.

Wazazi hao si kwamba hawawapendi watoto wao. Wamekwisha kuaminishwa kuwa matembezi ya familia ni jambo la wenye fedha: bembea za kulipia, bwawa la kuogelea lenye kiingilio, chakula cha hotelini. Asiye na uwezo huo huona haya kutoka, akabaki nyumbani. Sisi tunasema imani hiyo ni potofu, na tena ina madhara. Jiji la Dar es Salaam lina mahali pengi pa wananchi, pasipo kiingilio. Ila mahali hapo panapungua, na sababu mojawapo ya kupungua kwake ni kwamba sisi wenyewe hatuendi.

Kwanza tukumbuke mahali hapo palipatikanaje. Chini ya ukoloni mji huu uligawanywa vipande vitatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini kuanzia Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja haukuachwa wazi ili watoto wetu wapate kucheza. Uliachwa ili uwe mpaka baina ya Uhindini na Uswahilini, watu wasichanganyike. Lakini wananchi waliugeuza mpaka huo kuwa mahali pa kukutana. Ni jirani na uwanja huo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu ukawa mahali pa mikutano ya kudai uhuru.

Vivyo hivyo kwa Bustani ya Mimea. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya kupeleka katika mashamba ya walowezi, wala hawakuwa na nia ya kumpa kivuli mtoto wa kuli wa bandarini. Na pwani ya Oysterbay, ambayo wananchi huiita Coco Beach, ilikuwa mbele ya majumba ya Wazungu. Leo mkazi wa Tandika anakaa juu ya mchanga ule ule, anakula muhogo wa kukaanga na wanawe, na hakuna wa kumuuliza anatafuta nini. Hayo ni matunda ya uhuru yanayoonekana kwa macho. Uhuru haukuwa kubadili bendera tu. Ulikuwa pia kumwezesha kila mtu kupita na kuketi katika mji wake bila ya kuomba ruhusa.

Kwa mintarafu hiyo, mzazi mwenye nauli ya basi peke yake anaweza kuwafanyia watoto wake siku njema. Na aanzie kwenye Sanamu ya Askari, katika Barabara ya Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Maandishi yake ni kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mtoto ayasome mwenyewe, kisha aelezwe kuwa wapagazi wengi waliangamizwa na njaa na maradhi wakiwabebea wageni mizigo ya vita isiyowahusu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Bustani ya Mimea, penye kivuli cha miti mikongwe. Jirani yake ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Hapo kuna kiingilio, lakini kwa raia na wanafunzi ni kidogo, na si lazima kuingia kila safari. Safari moja yaweza kuwekewa akiba, watoto wakasikia habari za fuvu la kale lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959.

Wanaopenda bahari wana mengi. Soko la samaki la Feri huwafundisha watoto asubuhi moja majina ya samaki ambayo darasani hawatayapata, na mnada wake ni tamasha lisilo na tikiti. Kivuko cha Kigamboni ni safari ya baharini kwa nauli ndogo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya waendao kwa miguu, na jioni upepo wake haulipiwi. Na kwa mtoto asiyependa jua ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, yenye sehemu yake ya watoto.

Hata hivyo, tunawatahadharisha wazazi juu ya bahari. Pwani ya Oysterbay ina miamba ya matumbawe, na maji ya bamvua hujaa kwa nguvu. Mtoto asiingie majini ila mtu mzima yuko karibu naye, macho yakiwa kwake wala si kwenye simu. Msiba wa dakika mbili hauwezi kurekebishwa na majuto ya miaka.

Lakini hayo yote yako mjini na ufukoni, na mkazi wa Chanika au Mbezi hawezi kwenda huko kila wiki. Kwake yeye mahali pa maana zaidi ni kiwanja cha wazi cha mtaa wake. Na hapo ndipo penye hatari.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu waliongezeka zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na ardhi haikuongezeka hata pima moja. Katika hali hiyo kila kipande kisicho na nyumba hutazamwa na wenye tamaa. Sote tunajua namna kiwanja kinavyopotea, kwa kuwa hakipotei kwa siku moja. Kwanza hushushwa lori la mchanga, na hakuna anayeuliza. Baada ya mwezi hujengwa kibanda cha mlinzi, na watu husema ni cha kulinda mchanga. Kisha huzungushwa mabati. Wananchi wanapokwenda kuulizia, huonyeshwa karatasi, na huambiwa kesi ipelekwe mahakamani. Watoto hurudi barabarani kwenye pikipiki.

Sheria zipo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo inayosimamia matumizi ya ardhi ya mijini, na kiwanja kilichochorwa katika ramani kuwa cha wazi hakigeuzwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini sheria haina miguu ya kutembea wala macho ya kuona. Inahitaji mashahidi, na shahidi wa kiwanja ni yule anayekitumia.

Hili ndilo jambo tunalotaka lieleweke vyema. Kiwanja ambacho kila Jumapili kina watoto mia wanaocheza, wazee wanaocheza bao na akina mama wanaoketi chini ya mti, ni kigumu kuibwa. Lori la mchanga likija, kuna wa kuuliza. Mabati yakiletwa, kuna wa kuyazuia na kupiga mbiu. Bali kiwanja kilichoachwa kikaota magugu na kujaa takataka kimekwisha kuibwa nusu, kwa kuwa mwizi akifika atasema alikuta pori. Basi mzazi anayemshika mwanawe mkono akampeleka uwanjani hafanyi starehe tu. Anaweka ulinzi, tena ulinzi usiogharimu senti.

Wako wanaosema kwamba ardhi kama hiyo haizalishi, heri ijengwe maduka. Tunawajibu kwamba wanahesabu kwa upande mmoja. Mtoto aliyevunjika mguu barabarani ana gharama. Kijana aliyekua bila ya uwanja, akalelewa na kijiwe, ana gharama kubwa zaidi, na anayeilipa ni jamii nzima. Mwenye duka aliyejenga juu ya kiwanja hachangii katika gharama hizo hata shilingi moja.

Wako pia ndugu zetu wafanyabiashara ndogondogo. Hawa hatuwaweki katika kundi la wanyang'anyi. Wanatafuta riziki, na baada ya kuondolewa barabarani mwaka 2021 wengi wao walihangaika sana. Anayeuza madafu, karanga na mihogo ni sehemu ya matembezi yenyewe. Tunachosema ni kwamba watengewe upande mmoja, wapewe pipa la taka, na katikati pabaki pa watoto. Jambo hilo linaweza kukubaliwa katika mkutano mmoja wa mtaa, ikiwa kuna mwenyekiti mwenye nia.

Tunakiri kwamba malalamiko ya wazazi juu ya viwanja vyetu ni ya haki. Vingi havina choo, na mama mwenye watoto wadogo hawezi kukaa saa tatu mahali pasipo choo. Vingi havina mti hata mmoja. Vingine vimekuwa vituo vya walevi na wavuta bangi, na muziki hupigwa kwa sauti isiyo na adabu mbele ya watoto. Kumwambia mzazi aende mahali kama hapo bila ya kupasafisha ni kumdhihaki. Ndiyo maana wajibu huu ni wa pande mbili.

Kwa Halmashauri zetu tano, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, tunasema kwanza: mali bila daftari huisha bila habari. Kila Halmashauri ibandike katika kila ofisi ya mtaa orodha ya viwanja vya wazi vya mtaa huo, ukubwa wake na mipaka yake, ili kila mwananchi ajue kilicho chake. Kila kiwanja kiwekewe alama za mipaka na kibao. Pili, choo na maji vitangulie kabla ya mapambo. Bembea za fahari hazimfai mtoto mwenye kiu. Tatu, mipango mikubwa isisahau watu wadogo. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yalilifanya kuwa mahali pa maombolezo, unakusudia pia kuwapo kwa bustani ya mji. Tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo mmoja, kwa sharti kwamba bustani hiyo iwe wazi kwa mkazi wa Magomeni na Kigogo. Isije ikageuzwa kuwa ya wenye magari tu.

Kwa wenyeviti wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi, kazi ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Jumapili moja kila mwezi, asubuhi kiwanja kifagiliwe, na alasiri kichezewe. Hakuna haja ya mgeni rasmi wala mahema ya kukodi. Mpira mmoja, kamba ya kuruka, mbao mbili za bao, mzee mmoja mwenye hadithi na kikundi cha ngoma cha mtaani vinatosha. Michezo ya nage na rede haihitaji fedha, nayo inakufa kwa kukosa nafasi. Miti ipandwe, na kila mti ukabidhiwe kwa nyumba moja iumwagilie hadi ushike.

Na kwa wazazi, hususan akina baba, tunasema bila ya kuficha. Kijiwe kitakuwapo kesho na keshokutwa, bali utoto wa mwanao haurudi. Mtoto hatakumbuka bei ya soda uliyomnunulia. Atakumbuka kwamba baba yake alimpandisha kivuko akamwonyesha meli, au alikaa naye chini ya mwembe akamfundisha bao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayafanyiki kwa mtu asiyekuwapo.

Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu, na wananchi wakauunganisha. Tukiziachia fukwe zizungushiwe kuta na viwanja vizungushiwe mabati, utagawanywa tena, safari hii kwa mifuko ya watu, na mgawanyo huo utakuwa tumeukubali wenyewe kwa kukaa kimya. Viwanja hivi hatukuvinunua, tulivikuta. Ni amana, na mwenye amana huja kuidai. Watakaodai ni watoto hawa hawa wanaokimbia pikipiki leo. Basi Jumapili ijayo tutoke nao, tukakikalie kilicho chetu.