Nyosha Mnyororo Kabla ya Kuukaza

Liko jambo linalotuangusha wengi, tena linatuangusha chini hasa.

Wenzetu siku hizi hununua baiskeli za gia zilizokwisha tumika Ulaya. Kibadilisha gia kikiharibika tunakitupa, tunakata mnyororo na kubaki na gia moja, kama Raleigh za wazee waliotutangulia shuleni hapa. Shauri hilo ni jema. Lakini tukiisha kulifanya twajali neno moja tu: mnyororo ukazwe. Mimi nasema tunaanzia mwisho.

Likizo iliyopita niliukaza wangu hata ukawa kama uzi wa zeze. Nikampakia mdogo wangu, tukateremka hadi bondeni. Nilipokanyaga kwa nguvu tupande ng'ambo, mnyororo ukachomoka ukanasa katika spoki, tukaanguka, naye akavunjika mkono. Nilimlaumu aliyeniuzia. Fundi wa kijijini aliinama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akaniita nitazame. Gia ya nyuma ilikuwa ndani kuliko ya mbele, karibu upana wa kidole! Mnyororo ulikwenda mshazari, na mshazari hauponi kwa kukazwa.

Basi egemeza ubao ulionyooka ubavuni mwa gia ya mbele, ufike nyuma, uone. Gia ya nyuma husogezwa kwa pete. Ndipo ukaze, na katikati ya mnyororo ubaki mchezo wa kama nusu inchi. Zungusha pedali polepole, kwa maana gia nyingi si duara kamili, upime pale unapokaza zaidi. Ukizidisha, unazila gololi za ekseli.

Hapa sharti niseme lisilopendwa. Raleigh ina nafasi ndefu za ekseli, gurudumu huvutwa nyuma. Nyingi za hizi za gia nafasi zake zimesimama wima, gurudumu halivutiki, na mnyororo hupunguzwa inchi nzima kwa mara moja ili pingili zipatane. Kwa hiyo tusikitupe kibadilisha gia. Kilichoshindwa kubadili, kama springi yake ni nzima, chaweza kuvuta mnyororo, mradi kipangwe sawasawa chini ya gia uliyoichagua.

Wako wanaosema kazi hii ni ya fundi, si ya mwanafunzi. Haya, lakini bondeni fundi hakuwapo.

Mkono wa mdogo wangu umepona, ila hajakubali kupakiwa tena.

Mwanafunzi wa kidato cha sita